Mikate inarudi, sababu ni nini? Kuchambua tatizo la biashara kwa Excel

Mwenye bekari akikwambia "biashara mbaya siku hizi", hayo bado ni malalamiko. Hatua ya kwanza ni kuyabana yawe sentensi moja yenye kitu, kiasi, mahali na muda. Kwa mfano: "Kati ya mikate 1,000 ya kila siku, 80 inarudi, mingi ni ya gari la alfajiri." Sababu isiingie humo. Ukiandika "dereva mzembe", umeshahukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Pili, fungua jedwali. Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc ya bure, yoyote inatosha. Programu za bei mbaya zisubiri. Weka safu tano: tarehe, gari, duka, idadi, sababu. Safu ya sababu iwe orodha ya kuchagua, kwani kila mtu akiandika apendavyo, "umebonyea" na "umepondeka" zitahesabiwa mbalimbali.

Baada ya wiki mbili, jumlisha kila sababu (E ni safu ya sababu, D ya idadi):

=SUMIF(E:E,"umebonyea",D:D)

Ikikataa, badilisha mkato uwe nuktamkato. Inategemea mpangilio wa kompyuta yako. Panga kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha chora chati ya Pareto, yaani nguzo kuanzia sababu kubwa hadi ndogo pamoja na mstari wa asilimia zinazojumlishwa, ambayo Excel inayo tangu toleo la 2016. Ule msemo wa 80 kwa 20, kwamba asilimia 80 ya tatizo hutokana na asilimia 20 ya sababu, usiulazimishe, si sheria.

Tuseme kubonyea kunaongoza. Sasa uliza kwa nini, mfululizo, kama walivyozoea Toyota:

Kwa nini inabonyea? Inapangwa kwenye kreti ikiwa bado ya moto.
Kwa nini ya moto? Inatoka kwenye oveni saa tisa na nusu usiku, na gari linaondoka saa kumi.
Kwa nini inachelewa? Unga unaanza kukandwa saa tano.
Kwa nini saa tano? Ufunguo wa stoo anao meneja, naye huingia muda huo.

Dereva hayumo kabisa. Ila kila jibu lithibitishwe kwa macho: nenda usiku, shika mkate, tazama saa. Hapo programu haikusaidii.

Mwisho, badilisha kitu kimoja tu, yaani ufunguo abaki nao mkandaji, na uendelee kujaza jedwali lilelile. Marejesho ya gari la alfajiri yakishuka na ya mchana yakabaki palepale, umelipata. Yakishuka yote mawili, kuna kingine kilichobadilika. Angalia kwanza kama wiki hiyo uliletwa unga mwingine.