Asilimia 80 ya bosi, asilimia 25 yako: namna ya kukagua makato kabla ya kutia sahihi

Barua ya kupunguza mishahara ikifika kituo cha shirika la ndege Kisumu huwa imeandikwa makao makuu Nairobi, na mara nyingi huwa na sentensi moja ya kutuliza nyoyo: wakubwa wamekubali kukatwa zaidi. Machi 2020, korona ilipofunga anga, Kenya Airways ilitangaza ngazi ya namna hiyo: mkurugenzi mkuu asilimia 80, wasimamizi wa juu asilimia 75, wengine kati ya 25 na 50. Kwenye karatasi, anayepata zaidi ndiye anayekatwa zaidi. Mwakilishi wa wafanyakazi anapaswa kujua mambo yanavyokuwa mfukoni. Kwa hilo hahitaji mhasibu, kikokotoo cha simu na jioni moja vinatosha.

Anza na kinachobaki, wala si kinachokatwa. Chukua mfano wa mpakiaji mizigo wa shilingi 38,000 mwenye mkopo wa sacco wa 14,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2025, toa NSSF (mfuko wa uzeeni) asilimia 6, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha PAYE (kodi ya mapato) na mkopo. Anabaki na takriban 17,490. Sasa mkate asilimia 25, mshahara uwe 28,500. Kodi inashuka, lakini sacco haishuki hata senti. Anabaki na takriban 11,180. Makato ya asilimia 25 yamempunguzia pesa ya mkononi kwa asilimia 36. Bosi wa milioni 3 aliyekatwa asilimia 80 bado ana 600,000 kabla ya kodi. Fanyeni hesabu hii kwa hati halisi za watu watatu wa ngazi tofauti, kwa ridhaa yao, na mwende nayo mkutanoni. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mshahara ukishuka, wenye mikopo mikubwa huvuka mpaka huo bila kukopa upya, kwa hiyo zungumzeni na sacco kabla ya mwezi wa kwanza wa makato.

Kisha soma kitenzi. "Kukatwa" maana yake pesa imekwenda. "Kuahirishwa" maana yake kampuni inadaiwa na italipa. "Kusitishwa" hutumika sana kwa michango ya uzeeni, na hapo ndipo watu hulala usingizi kwa sababu haigusi pesa ya mkononi. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, miongoni mwa madai yao ilikuwa kurejeshwa kwa michango hiyo hiyo. Barua ikisema wafanyakazi wanakatwa na wakubwa wanaahirishiwa, hiyo si ngazi moja tena.

Sehemu ngumu ni malipo ya wakubwa yaliyo nje ya mshahara. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi lazima ichapishe ripoti ya malipo ya wakurugenzi ndani ya ripoti ya mwaka. Usiishie safu ya mshahara. Pitia bonasi, marupurupu, manufaa yasiyo ya fedha kama nyumba na gari, kiinua mgongo, na malipo ya kuondoka kazini. Jedwali hilo ni la wakurugenzi tu. Mkuu wa fedha au wa shughuli za ndege asiyekaa kwenye bodi hatajwi humo, kwa hiyo nenda kwenye maelezo ya hesabu yanayohusu wahusika wenye uhusiano na kampuni. Humo kuna jumla ya malipo ya wasimamizi wakuu wote. Maelezo ya gharama za wafanyakazi nayo hutoa jumla ya mishahara. Igawe kwa idadi ya wafanyakazi, ufanye hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Angalia urefu wa kipindi kwanza: Kenya Airways ilipohamisha mwisho wa mwaka wake wa hesabu kutoka Machi hadi Desemba, hesabu za 2017 zilikuwa za miezi tisa, na asiyejua hilo ataona gharama "zimeshuka" bure.

Angalia na tarehe. Aprili 2003 vyama vya wafanyakazi wa American Airlines vilipiga kura kukubali kupunguziwa malipo, sehemu ya mpango wa kuokoa dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Ndipo ripoti ya kampuni ikafichua kwamba wakubwa walikuwa wametengewa bonasi za kuwabakisha kazini na mfuko wa kulinda pensheni zao. Mkuu wa kampuni, Don Carty, alijiuzulu mwezi huo huo. Kama ripoti ya mwaka inakaribia kutoka, ombeni kura isogezwe hadi itoke.

Shirika lisiloorodheshwa halina ripoti ya wazi, lakini chama kinachotambuliwa kina kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007: mwajiri hutakiwa kutoa taarifa zote zinazohitajika kwa majadiliano. Ombeni kwa maandishi, mtaje mshahara, bonasi, na pesa zilizoahirishwa za kila ngazi ya usimamizi. Msimshike meneja wa kituo koo. Kwa kawaida naye amepokea barua ile ile, na yeye ndiye mtakayekuwa naye saa kumi na moja alfajiri ndege ya kwanza ikipakia.

Msitarajie kukatwa kwa bosi kuokoa kampuni. Haruka Nishimatsu wa Japan Airlines alijishusha hadi chini ya mishahara ya marubani wake, na bado kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2010. Mafuta na gharama za kukodi ndege humeza zaidi. Mnachotafuta ni masharti yanayofanana kwa wote.

Yaandikeni hivi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, orodha ya kurejeshwa ikianzia mishahara ya chini, na sharti kwamba hakuna bonasi ya msimamizi hadi deni la walioahirishiwa limalizike. Sharti hilo la mwisho ndilo Nairobi hulipinga zaidi, na ndilo msiloliachia. Makubaliano hayo yakibadilisha mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, yasajiliwe Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, maana mkataba wa pamoja huweza kutekelezwa kisheria baada ya kusajiliwa. Mahakama hiyo ina kituo Kisumu, hakuna haja ya safari. Asiye katika chama naye ana haki ya kushauriwa na kupewa mabadiliko ya mkataba wake kwa maandishi. Tangazo ukutani halitoshi.

Kila mtu atoe nakala ya hati zake za mshahara za miezi mitatu kabla ya makato. Nakala ya karatasi, kwa sababu mfumo wa kampuni ukibadilishwa, za zamani hupotea, na deni la kuahirishwa hudaiwa kwa hati.