Somo: Namna ya Kuchambua Kurasa Mbili za Makala Kuu katika Jarida la Muziki

Mwanafunzi akipewa makala ya jarida la muziki na kuambiwa aichambue, mara nyingi huanza kuhesabu: kichwa cha habari kipo, picha ipo, safu ni tatu. Hiyo ni orodha ya vilivyomo, si uchambuzi. Uchambuzi huanza pale unapouliza kila kitu kimewekwa pale kwa faida ya nani: mwanamuziki, mwandishi, mhariri au mwenye jarida anayetaka kuuza. Mifano yangu inatoka katika majarida mawili ya Marekani ambayo hayakukubaliana kabisa kuhusu kazi ya ukurasa: Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1967, na Ray Gun, lililoanzishwa California mwaka 1992.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kusoma

Fungua kurasa zote mbili, zipindue juu iwe chini, kisha usogee nyuma hatua mbili. Maneno yasiposomeka hubaki maumbo na nafasi tupu, na hapo ndipo utajua jicho lako linatua wapi kwanza na linaelekea wapi baadaye. Katika Rolling Stone chini ya Fred Woodward, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa, yaani msimamizi wa sura ya kurasa, kuanzia mwaka 1987, mara nyingi picha ilijaza ukurasa mmoja, na ule uliotazamana nao ukaachiwa herufi kubwa zilizopangwa kwa namna ya kufanana na tabia ya mhusika. Kwa mpangilio huo, jina la mwanamuziki hupewa uzito sawa na uso wake. Ukiandika tu kwamba "fonti inavutia", hujasema lolote.

Hatua ya 2: Pima

Chukua rula na karatasi inayopitisha mwanga, uchore masanduku ya picha, safu na pambizo. Angalia hasa mkunjo wa katikati. Jarida lililobanwa kwa pini hufunguka likalala, lakini lililogundishwa mgongoni humeza sehemu ya ndani ya kila ukurasa, ndiyo maana msanifu makini haweki jicho la mtu wala herufi ya jina mahali hapo. Rolling Stone lenyewe liliacha pini na kuhamia gundi mwaka 2008, lilipopunguza pia ukubwa wa ukurasa wake, kwa hiyo usilinganishe toleo la kabla na la baada ya hapo kana kwamba wasanifu walikuwa na uwanja uleule.

Hatua ya 3: Soma lugha, kitenzi kwa kitenzi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapopita mbio. Makala ya Kiingereza ya aina hii hupenda wakati uliopo: mwanamuziki anawasha sigara, anatazama dirishani, anacheka, ingawa mahojiano yalifanyika siku nyingi kabla ya jarida kutoka kiwandani. Msomaji anafanywa aone kwamba naye ameketi katika chumba hicho cha hoteli. Piga mstari chini ya kila kitenzi kinachotambulisha usemi. "Anasema" hakiegemei upande wowote. "Anakiri" kinamtia mtu hatiani kabla hatujajua kosa lake. "Anasisitiza" kinadokeza kwamba mwandishi hakushawishika.

Kisha itafute ndani ya makala ile nukuu iliyokuzwa, uilinganishe na maneno yenyewe. Tuseme msanii ameulizwa kuhusu ratiba ya ziara, akajibu huku akicheka, "Nitaacha muziki kesho asubuhi." Ikiondolewa swali na kicheko, ikasimama peke yake kwa herufi nene katikati ya safu, inakuwa tangazo la kustaafu. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini maana imehama, na aliyeihamisha si mwandishi peke yake.

Hatua ya 4: Unganisha sura na maneno

Mwaka 1994, David Carson, mkurugenzi wa sanaa wa Ray Gun, aliyaona mahojiano na mwimbaji wa Uingereza Bryan Ferry kuwa ya kuchosha, akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ambayo badala ya herufi ina nyota, mikasi, mishale na alama nyingine. Safu zilikuwepo, ila hakuna aliyeweza kuzisoma. Matini inayosomeka iliwekwa nyuma ya toleo hilohilo, jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki hupenda kulisahau. Ukiuchambua ukurasa ule kwa orodha ya vilivyomo utakwama. Ukiuliza nani anazungumza, utaona msanifu amempokonya mhojiwa kipaza sauti.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina nakala ya skrini tu, sina jarida lenyewe. Je, naruhusiwa kuitumia?

Jibu: Marahaba. Itumie, mradi uone kurasa zote mbili kwa pamoja. Ila usiseme lolote kuhusu karatasi wala mkunjo, kwa maana hujavishika.

Swali: Nikikuta rangi nyekundu, nifasiri kuwa ni hasira au mapenzi?

Jibu: Kabla ya hayo, tazama picha. Mara nyingi msanifu huchota rangi ya kichwa cha habari kutoka katika koti la msanii au ukuta uliokuwa nyuma yake, ili kurasa mbili zishikamane. Usikimbilie maana ya moyoni kabla hujamaliza sababu ya mezani.

Swali: Mwalimu, huyo Carson hakumdharau mwandishi aliyehangaika na mahojiano?

Jibu: Kwa maoni yangu alimdharau, na ukurasa ukabaki kuwa mzuri. Andika yote mawili, usilazimike kuchagua moja.

Swali: Vichwa vya habari vya Kiingereza vina michezo ya maneno. Nikichambua kwa Kiswahili, nitafsiri?

Jibu: Mzaha uliotafsiriwa hufa njiani. Nakili kichwa kama kilivyo, kisha eleza neno gani lina maana mbili na ni msomaji yupi anayetarajiwa kuzijua zote. Jina la jarida la Uingereza la Kerrang!, kwa mfano, ni tanakali ya sauti ya gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu. Sentensi moja ya maelezo kama hiyo inatosha.