Fulana imechakaa? Itoe kamba

Jamani fulana ikishalegea shingo usikimbilie kuitupa. Icheki kwanza, kama ni pamba inanyonya maji fresh, kata vipande ufutie meza na vioo, ila ya polista kwa kazi hiyo achana nayo, inasukuma tu maji huku na huku.

Mimi naikubali zaidi kwenye kamba. Ilaze chini, kata lile pindo la chini uliweke pembeni, halafu kata mizunguko yenye upana wa vidole viwili hivi mpaka ufike kwapani, kila mmoja ushike uuvute kwa nguvu, utaona kingo zinajikunja zenyewe inakuwa kamba laini na wala haifumuki nyuzi. Ukitaka moja ndefu basi zungusha mkasi kama unamenya chungwa bila kukata ganda. Hiyo fungia mche wa nyanya kwenye kijiti chake, haichubui shina kama waya, au suka tatu tatu kisha uzizungushe na kuzishona upate kapeti la mlangoni. Kuanikia nguo nzito hapana, inavutika mno. Mikono iliyobaki pigia viatu rangi.