Kuandika bunilizi ya kisayansi ambamo kosa ni la avenyu nzima

Kwanza, mwondoe shujaa, na mwovu wake pia. Vijana wanaoniletea kazi zao hapa Goma karibu wote huanza na profesa mwovu na mtambo wake. Ukishampata mwovu, wengine wote wanakwenda kulala. Tafuta hatari ambayo hakuna awezaye kuizuia peke yake.

Sisi tunalo ziwa. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na huko chini mna kaboni dayoksaidi na methani zilizoyeyuka, zimebanwa na uzito wa maji. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa kaboni dayoksaidi yake ghafla tarehe 21 Agosti 1986, likaua watu wapatao 1,700. Mwaka 2001 likawekewa bomba la kudumu: maji ya chini yakipanda, shinikizo hupungua, mapovu ya gesi hutoka na kuyavuta mengine juu.

Sasa buni. Mwaka 2090 kila avenyu ya Goma, yaani mtaa na nyumba zake, ina bomba lake na zamu yake ya kulilinda. Tafadhali usiandike "jamii ililinda ziwa." Andika daftari la zamu, kurasa zimevimba kwa unyevu, linazunguka nyumba kwa nyumba. Mama wa nyumba ya tatu anamsainia jirani aliyekwenda harusini Gisenyi; jirani anarudisha fadhila kwa ndoo ya makaa. Mwingine anasaini akiwa kitandani, malaria imemshika. Shefu wa avenyu anaona saini tano za mwandiko mmoja, ananyamaza, maana mmoja wao ni shemeji yake. Kaa hapo nusu ya hadithi nzima, na kila mmoja msomaji ampende.

Halafu ajali, fupi. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni kama mazuku, yale mashimo ya gesi inayoua, ya upande wa Sake. Aanze kufa mbuzi. Watu mia wakifa mara moja, msomaji atalia na kusahau kuuliza.

Mwisho ni kikao cha avenyu. (Hadithi zinazoishia kwa watu kushikana mikono siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, mimi sizimalizi.) Wabishane bei ya mbuzi: alipe aliyekosa zamu, aliyemsainia, au aliyeona akanyamaza? Kisha mtu afungue daftari na kusoma kwa sauti zamu ya mwenye mbuzi. Jina ni lake, saini si yake.