Kuifundisha Montserrat kwa Kipindi Kimoja

Nafundisha Jiografia katika shule ya kata upande wa Makorora, hapa Tanga, na Jumamosi nasimamia klabu ya somo hilo. Klabu huchagua sehemu moja ndogo ya dunia na kuichambua mpaka mfupani. Walimu wenzangu wa Muheza na Pangani wameniomba niwaandikie ninavyokipanga kipindi cha Montserrat, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uingereza. Haya, kaeni mkao wa kazi.

Kwanza, achana na orodha ya "mambo kumi ya ajabu". Wanafunzi wataikariri leo, Jumatatu hawana hata moja. Montserrat ina jambo kubwa moja, nalo ni mlima. Karibu kila kitu kingine utakachotaka kusimulia kimefungwa kwenye mlima huo, kwa hiyo upe dakika nyingi kuliko vingine vyote. Mimi natumia kipindi pacha, dakika 80.

Vifaa havina gharama: manila moja, kalamu za rangi, kamba nyembamba na kopo la majivu ya jikoni. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 16 na upana wa kama 11. Chukua sentimita 5 kwa kila kilomita, utapata 80 kwa 55, na manila inatosha kabisa. Wachore wenyewe: kaskazini kumebanwa, kusini kumetanuka. Eneo lote ni kilomita za mraba 102. Waambie Mafia peke yake ingekaribia kubeba visiwa vinne vya namna hiyo, na utasikia darasa linavyoguna.

Kisha kiweke mahali pake. Latitudo ni kama nyuzi 16 kaskazini, longitudo nyuzi 62 magharibi. Antigua iko upande wa kaskazini-mashariki, kilomita 40 na kitu, yaani karibu zaidi kuliko Pemba ilivyo kwetu. Guadeloupe iko kusini-mashariki. Hapo natupia swali la saa: sisi tuko hapa saa 4 asubuhi, watoto wa Montserrat wanafanya nini? Wamelala. Kwao ni saa 9 usiku, maana tunawatangulia kwa saa 7. Swali hilo linafundisha longitudo vizuri kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Sasa mlima. Unaitwa Soufrière Hills, uko upande wa kusini. Waulize lava inatokaje. Watajibu kwa sauti moja kwamba inatiririka, na wakorofi wawili wataigiza. Waache. Halafu walinganishe na Ol Doinyo Lengai wetu, ambao lava yake ni nyepesi ajabu, inakimbia upesi. Ya Montserrat ni nzito. Haiendi mbali, inajirundika juu ya tundu mpaka inakuwa kuba. Kuba likizidiwa na uzito wake linaporomoka, na kinachoshuka mlimani ni wimbi la gesi, majivu na mawe, lenye joto la mamia ya nyuzi na mwendo unaoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Basi la Dar halikimbii hivyo, na halipaswi.

Kidato cha nne wape na sababu. Lengai uko kwenye Bonde la Ufa, mahali ardhi inapovutwa na kuachana. Montserrat iko mahali bamba (pande kubwa la ganda la dunia) la sakafu ya Atlantiki linapozama chini ya bamba la Karibi. Milima yote miwili ni volkano hai, lakini chanzo ni mbali na mbali. Mtihani wa taifa unapenda sana tofauti za namna hiyo.

Hapo mwambie mwanafunzi mmoja atie alama tatu kwenye manila: Plymouth (mji mkuu, pwani ya kusini-magharibi), uwanja wa ndege wa zamani (pwani ya mashariki) na Brades kule kaskazini. Mwingine ashike kopo la majivu. Wewe simulia polepole, yeye amwage.

Tarehe 18 Julai 1995 mlima ulioonekana umelala kwa mamia ya miaka uliamka. Plymouth ikahamwa, watu wakarudi, ikahamwa tena mwaka 1996, na hawakurudi. Tarehe 25 Juni 1997 kuba liliporomoka na watu 19 wakafa. Baadhi yao walikuwa wamekwenda mashambani katika eneo lililofungwa. Kila mara atapatikana mwanafunzi wa kusema, "Mwalimu, si walikatazwa?" Usimwache apite hivihivi. Muulize familia yake ingekula nini ikiwa inaishi kwenye kambi na shamba lenye rutuba liko upande uliofungwa. Mtoto wa mkulima wa Mlingano anaelewa mara moja.

Mwaka huohuo Plymouth ikafukiwa na uwanja wa ndege ukaharibiwa. Mpaka leo kisheria Plymouth ndiyo mji mkuu, ila haishi mtu; ofisi za serikali ziko Brades. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 2005 kule kaskazini, mahali panapoitwa Gerald's. Chukueni kamba, mzungushe upande wa kusini wote. Zaidi ya nusu ya kisiwa ni eneo lenye vizuizi, na wataalamu wa kituo cha uangalizi wa volkano wanausoma mlima usiku na mchana.

Baada ya hapo wasimamishe wanafunzi 11. Kila mmoja ni watu 1,000, maana kabla ya mlipuko kisiwa kilikuwa na watu kama 11,000. Wanane waende nyuma ya darasa: hawa wamekwenda Antigua, Uingereza na kwingineko. Miaka inapita, mmoja arudi. Hao wanne mbele ndio Montserrat ya leo, kwa makadirio ya kukata. Kisha waulize waliobaki: nani mwalimu, nani muuguzi, nani fundi bomba? Zoezi hili huchukua dakika tano, na ndilo ambalo wanafunzi wangu hulitaja hata baada ya kumaliza shule.

Kama muda unaruhusu, taja kwamba mlima haukukuta kisiwa kikiwa salama. Kimbunga Hugo kilipiga Septemba 1989 na kuharibu sehemu kubwa ya majengo. Kabla yake palikuwa na studio ya kurekodia muziki, AIR, iliyofunguliwa mwaka 1979 na George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles, na wasanii wakubwa wa dunia walikwenda kurekodi huko. Hugo akaifunga. Hili ni la kupitia tu, watoto wa siku hizi Beatles hawawajui.

Wanachokijua ni mpira. Tarehe 30 Juni 2002, siku ya fainali ya Kombe la Dunia kati ya Brazil na Ujerumani, timu mbili za mwisho kabisa kwenye orodha ya FIFA zilikutana Thimphu, Bhutan. Bhutan wakaifunga Montserrat 4–0. Mashabiki wa Coastal Union waliomo darasani wataanza kupigana vijembe kuhusu nani angekuwa wa mwisho. Wape dakika moja, halafu uwarudishe kwenye manila: timu ya taifa unaiundaje ukiwa na watu wasiofika 5,000, na nusu ya nchi imefungwa?

Historia iwe fupi lakini usiiruke. Wairlandi walianza kufika miaka ya 1630, na Waafrika wakaletwa kwa nguvu kulima miwa. Tarehe 17 Machi 1768, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, watumwa walipanga kuasi wakati mabwana wako kwenye karamu. Siri ikavuja, viongozi wakauawa. Leo siku hiyo ni mapumziko ya taifa, na wageni hugongewa pasipoti mhuri wenye umbo la jani la Kiirlandi lenye vipande vitatu. Kwa wanafunzi wa Pangani, mji uliosafirisha watumwa, somo hili halihitaji nyongeza ya mwalimu.

Viumbe navyo hunogesha. Kuna ndege mweusi na manjano, Icterus oberi, asiyepatikana porini popote ila Montserrat. Na kuna chura mkubwa, Leptodactylus fallax, wa Montserrat na Dominica tu, ambaye watu walikuwa wakimla. Ugonjwa wa kuvu ulifika kisiwani mwaka 2009 ukakaribia kummaliza. Hapo nakuja nyumbani, kwenye ua la Saintpaulia la misitu ya Usambara, ili wajue kwamba nasi tuna vya kwetu vya kulinda.

Mwisho ni sufuria, kama mkuu wa shule ameridhia. Chakula cha taifa cha Montserrat kinaitwa goat water. Kata nyama ya mbuzi na mifupa yake, ichemshe na kitunguu, kitunguu saumu, pilipili kali, karafuu na majani ya thaimu, ukose thaimu endelea bila. Ikilainika, koroga unga wa ngano uliokaangwa kidogo ukawa wa kahawia, uimwagie ili mchuzi ushike. Wao hunywea kikombe, na mkate pembeni, hasa kwenye harusi na misiba. Wengine huongeza kileo, sisi tunaacha. Karafuu usizidishe, na mbuzi nunua Ijumaa jioni, maana Jumamosi asubuhi mabucha ya Ngamiani yanabaki na ng'ombe tu.