Ukifika Bengaluru, pima safari kwa saa
Aliyezoea Mumbai, ambako treni za mjini hupita kwenye reli zake bila kuguswa na foleni, asipime safari za Bengaluru, jiji la kusini mwa India, kwa kilomita, kwani huko basi na bajaji hukwama pamoja, hasa jioni kwenye makutano ya Silk Board. Tafuta malazi karibu na kituo cha metro cha Laini ya Zambarau, ambayo tangu Oktoba 2023 inafika Whitefield, eneo la mashariki mwa jiji, moja kwa moja kutoka Majestic, kituo kikuu cha katikati ya jiji. Kutembea dakika kumi hadi kituoni ni nafuu kubwa kuliko kukaa ndani ya bajaji iliyozimwa injini, moshi wa basi la mbele ukikuingia usoni. Kwa uwanja wa ndege, ulio mbali kaskazini, panda basi la Vayu Vajra, nawe uondoke mapema sana.