Malkia wa sisimizi: kuanzisha koloni nyumbani Dar

Kijana wa jirani hapa Tabata aliniletea malkia ndani ya chupa ya maji, akitaka kujua afanye nini ili apate koloni, yaani familia nzima ya sisimizi. Nimeyaandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote aliye na malkia mkononi.

1. Mpate malkia

Jioni baada ya mvua nzuri ya vuli au masika, angalia chini ya taa za barazani. Usimchanganye na kumbikumbi. Hao ni mchwa, hawana kiuno na mabawa yao manne yanalingana. Malkia wa sisimizi ana kiuno chembamba, papasio zilizopinda na kifua kinene. Anza na Camponotus, wale wakubwa wanaopita ukutani usiku. Siafu achana nao kabisa: malkia wao hana mabawa na hawezi kuanzisha koloni peke yake.

2. Andaa neli

Nunua neli ya kioo (test tube, iliyozibwa upande mmoja) kwenye duka la vifaa vya maabara. Ya plastiki siipendi, hukwaruzika ukashindwa kuona mayai. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa, theluthi moja, kisha sukuma pamba mpaka iguse maji pasibaki kiputo cha hewa. Kwa joto letu kiputo hicho ni hatari: mchana hewa hutanuka, husukuma maji kupitia pamba, na malkia huzama. Mwingize, ziba kwa pamba kavu.

3. Mwache

Hapa ndipo wengi wanapopoteza malkia.

Kwanza, halishwi. Misuli aliyorukia humeng'enywa mwilini, ikawa chakula chake na cha mabuu ya kwanza. Anachohitaji ni maji, giza na utulivu. Muweke kabatini, mbali na friji na spika, maana mtikisiko humtia hofu, na malkia mwenye hofu hula mayai yake. Kuchungulia mara moja kwa wiki kunatosha.

Pili, swali ambalo kila mtu huniuliza: amepandwa? Mabawa hayakupi jibu. Asiyepandwa anaweza kuyang'oa, na aliyepandwa anaweza kubaki nayo. Hata mayai si ushahidi, kwa sababu asiyepandwa naye hutaga, ila mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu. Aliyepandwa huhifadhi mbegu katika kifuko kidogo tumboni na kuzitumia miaka yote. Kwa hiyo subiri: mayai meupe yaliyoshikana, mabuu, halafu vifukofuko vya rangi ya chai ya maziwa. Kwa joto la Dar hesabu kama mwezi na nusu hadi miwili. Akitoka mfanyakazi mdogo asiye na mabawa, malkia wako amepandwa. Akitoka mwenye mabawa, huyo ni dume, tafuta malkia mwingine mvua ijayo.

Tatu, maadui. Sisimizi wadogo wa jikoni hupenya kwenye pamba na kumuua. Iweke neli juu ya kistuli ambacho miguu yake imesimama kwenye makopo ya maji. Dawa ya mbu ya kupuliza na chaki ya mende zisitumike chumba hicho, hata kwa siku moja.

Ukungu kidogo kwenye pamba usikutishe. Ila maji yakiisha, unganisha neli mpya mdomo kwa mdomo kwa utepe, funika mpya kwa karatasi nyeusi, acha ya zamani kwenye mwanga. Atahama mwenyewe. Usimkung'ute kamwe.

4. Wafanyakazi wakitoka

Tone la maji ya sukari kwenye ncha ya kijiti, na kipande cha mbu uliyemuua kwa kofi, si kwa dawa. Mabaki yatoe kesho yake. Makazi makubwa bado: mpaka wafike ishirini na zaidi, wabaki kwenye neli.